Aproni Nane za Buluu

Kila siku alipotoka shule, Chapuchapu aliweka begi lake nyuma ya mlango, akanawa mikono, kisha akaingia chumbani kwa shangazi yake kufagia vipande vya vitambaa. Jina hilo la Chapuchapu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na shangazi, kwa sababu mtoto huyo alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na hata sala aliimaliza kabla wenzake hawajafika katikati. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliamini kwamba kumaliza kwanza ndiko kushinda.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, kikitazama barabara. Kulikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha umeme na kimoja cha miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi, kopo la vifungo, na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani. Kwenye kizingiti cha saruji cha dirisha kulikuwa na vitu vinne ambavyo hakuna mtu aliyevigusa bila ruhusa: mshumaa mfupi, kibano cha chuma, kisahani cha udongo na kikombe cha maji.

Hivyo vilikuwa vyombo vya kupimia vitambaa. "Muuzaji ana mdomo, na mdomo haukosi la kusema," shangazi alipenda kusema. Kila jora jipya lilipoingia, alichomoa nyuzi chache, akazishika kwa kibano juu ya kisahani na kuzisogeza kwenye mshumaa. Kisha alitazama na kunusa. Nyuzi za pamba ziliwaka upesi, zikanuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nyuzi za sufu ziliwaka kwa kusitasita, zikanuka nywele, zikazimika zenyewe. Nailoni na ndugu zake wote wa kiwandani zilirudi nyuma kana kwamba zinauogopa moto, zikajikunja, zikayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu.

"Gauni la sherehe likiwa nailoni halina neno," alimfundisha Chapuchapu. "Lakini mtu anayefanya kazi na moto, mvalishe pamba. Pamba nayo inaungua, usidanganyike. Ila inakupa nafasi ya kuivua na kuitupa. Nailoni inakuyeyukia mwilini, na ukiibandua inaondoka na ngozi."

Mwezi ule shangazi alikuwa amemruhusu Chapuchapu kupima mwenyewe, mradi mtu mzima yumo chumbani. Alikuwa amemwahidi kwamba likizo itakapoanza atamketisha kwenye cherehani cha miguu na kumfundisha kushona. Chapuchapu aliisubiri likizo hiyo kwa hamu kubwa. Alijua pia kisa cha msaidizi aliyemtangulia, dada mmoja hodari sana wa mikono. Siku moja dada huyo alisema amepima kumbe hakupima, na kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu. Shangazi hakupenda hata kumtaja.

Basi Jumatatu jioni mama yake Chapuchapu aliingia chumbani humo akiwa bado ananukia mkate. Alikuwa mwokaji katika kiwanda kidogo cha mikate, mitaa miwili kutoka nyumbani.

"Wifi, nimekuletea kazi," alisema. "Kiwandani wanataka aproni nane. Nimewaambia fundi yupo."

"Leo umekumbuka kwamba mimi ni fundi," shangazi alijibu huku akicheka.

"Nimekumbuka kwa sababu aproni yangu ina matundu kuliko chujio."

Jumanne mchana jora likaletwa, la buluu, zito, lililofumwa kwa nyuzi nene. Shangazi alilipapasa akaridhika. Wakati huohuo mteja mmoja alikuwa nyuma ya pazia akijaribu gauni, naye alikuwa akilalamika kwamba linambana kwapani.

"Muuzaji ameapa hii ni pamba tupu," shangazi alimwambia Chapuchapu. "Hebu pima, mimi nammalizia huyu."

Kupima hakukuwa kazi kubwa. Ilibidi afagie vipande vilivyokuwa karibu na dirisha, afunge nywele zake nyuma, ajaze kikombe maji, ndipo awashe mshumaa. Lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba, na alisikia wakihesabu: thelathini na moja, thelathini na mbili. Mwenye zamu angekosea wakati wowote na zamu ingekuwa yake. Chapuchapu alipapasa jora kama alivyoona shangazi akifanya. Vidole vyake vikamwambia ni pamba.

"Umepima?" shangazi aliuliza kutoka nyuma ya pazia, pini zikiwa mdomoni.

"Nimepima."

"Ni nini?"

"Pamba, shangazi. Imenuka karatasi."

Hakuna aliyemwomba aongeze hayo ya karatasi. Yalimtoka yenyewe, na yaliposikika yalipendeza kuliko ukweli. Akatoka mbio kwenda kuruka kamba.

Kwa somo la Ijumaa asubuhi, mwalimu wa sayansi aliwataka wanafunzi walete vitu vidogo vya nyumbani, waone vipi vinashika moto kwa urahisi na vipi havishiki. Aliweka sinia la bati lililojaa mchanga juu ya meza, ndoo ya maji kando yake, na akachora mstari wa chaki sakafuni. "Anayevuka mstari huu ataendelea na somo akiwa nje," alisema. "Na anayejaribu haya nyumbani peke yake, nitamwomba mzazi wake anitembelee."

Alikuwa akiuliza kwanza, kisha anapima. Msumari haukuwaka, wala kigae, wala kipande cha kioo. Karatasi iliwaka kabla hajamaliza kuuliza. Kijiti cha mti kilichelewa, lakini kiliposhika hakikutaka kuzimika. Mvulana mmoja alikuwa ameleta unga kwenye karatasi, na mwalimu akakataa kuuwasha.

"Unga uliolala kwenye gunia hauna haraka ya kuwaka," alieleza. "Lakini ukitimuka hewani karibu na moto unaweza kulipuka ghafla. Ndiyo maana viwanda vya mikate hufungia unga chumba chake, mbali na tanuri, na mlango hauachwi wazi hata kidogo."

Kisha ikaja zamu ya Chapuchapu. Alikuwa ameokota vipande vitano sakafuni kwa shangazi, na alitoa kwanza kile cha buluu kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyote.

"Hii ni pamba, mwalimu," alisema kwa sauti ya mwenye mali. "Kwetu vitambaa tunavijua."

Mwalimu alikishika kwa koleo na kukisogeza kwenye moto. Kipande kile kilirudi nyuma. Kikajikunja, kikatoa moshi mweusi, na tone linalowaka likadondoka kwenye mchanga. Jingine likafuata. Mtu mmoja nyuma akasema, "Pamba ya kwao inalia machozi," na wengine wakaangua kicheko.

Chapuchapu hakucheka. Alikuwa akilitazama lile tone likigeuka kidonge cheusi mchangani.

"Nani alikwambia ni pamba?" mwalimu alimuuliza kwa upole.

"Muuzaji," alijibu. Kwa kuwa lilificha kosa lake, jibu hilo lilikuwa uwongo wa pili, na lilitoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza.

Kengele ya mwisho ilipolia alikimbia hadi nyumbani. Njiani alijiambia kwamba bado kuna nafasi, kwamba aproni zingali mezani, kwamba atasema amepima tena na kuona amekosea. Kukosea si dhambi. Aliingia chumbani akihema, akakuta meza tupu na shangazi akifagia mwenyewe.

"Zimeshachukuliwa," shangazi alisema kwa furaha. "Msimamizi wa kiwanda mwenyewe amekuja. Kazi yako nzuri, mwanangu. Mikono minne ni bora kuliko miwili."

Chapuchapu alifungua mdomo. Shangazi alikuwa anatabasamu, kibano kikiwa mahali pake dirishani, na kiti cha cherehani cha miguu kilikuwa kimepanguswa vumbi kwa ajili ya likizo. Akaufunga mdomo. Akachukua ufagio kutoka mikononi mwa shangazi na kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Kuanzia hapo alijiona kama mtu aliyeingia chumba chenye milango mingi, na kila mlango anaoujaribu umefungwa. Akimwambia shangazi, kiti kitabaki kitupu. Akimwambia mama, mama atamwambia shangazi. Akinyamaza, mama yake na wenzake saba watasimama mbele ya tanuri wakiwa wamevaa kitu kinachoyeyuka. Alihesabu njia hizo tatu tena na tena, na hesabu haikubadilika.

Wakati wa chakula cha jioni alijaribu mlango wa nne.

"Mama, ile aproni yako ya zamani ilikupendeza zaidi."

Mama alimtazama kana kwamba ana homa. "Ile yenye matundu?"

"Ilikuwa na hewa."

"Wifi, msikie mwanao," mama alisema akicheka. "Ameanza kuwakosoa mafundi."

Shangazi naye alicheka. Chapuchapu alitazama sahani yake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kula mwenyewe, alikuwa wa mwisho kumaliza.

Jumamosi mama aliondoka mapema akasahau kitambaa chake cha kichwa juu ya kiti. Chapuchapu alikiona, na papo hapo mpango ukamjia. Atampelekea kitambaa. Mama alisema aproni zimewekwa stoo ya unga na zitagawiwa saa mbili. Ataziondoa kabla ya hapo na kuzificha mahali, popote. Aproni zikipotea, hakuna atakayeungua na hakuna atakayejua. Ulikuwa mpango wa kijinga, lakini mtu aliyefungiwa huona hata tundu la panya kuwa mlango.

Kiwanda kilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa wenye tanuri la kuni na mashine ya kukandia unga. Stoo ilikuwa pembeni, nyuma ya ukuta mnene wa matofali. Mtunza stoo, mzee ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga hata siku za mapumziko, alikuwa nje kwenye lori akihesabu magunia kwa sauti. Mlango wa chuma wa stoo ulikuwa umeegeshwa tu. Chapuchapu aliangalia kushoto na kulia, akajipenyeza ndani.

Mlikuwa na mwanga hafifu. Hakukuwa na taa, ila dirisha moja dogo la kioo lililojengewa ukutani juu, lisilofunguka, linalotazama ukumbini. Alilikuta boksi la aproni juu ya rafu. Alipolishusha alisikia nyayo za mzee zikija, akajitupa nyuma ya magunia.

"Huu mlango nani kauacha hivi?" mzee alinung'unika. "Vumbi la unga na tanuri, watu hawasikii mpaka waungue."

Mlango ukafungwa. Komeo la nje likasukumwa. Nyayo zikaenda zake kwenye lori.

Mwanzoni Chapuchapu alifurahi kwamba hakuonekana. Furaha hiyo haikudumu. Alikwenda mlangoni akausukuma, na mlango haukutikisika. Hewa ilikuwa nzito, unga ulimkereketa kooni, na kuta zile za magunia zilionekana kumsogelea. Aliketi sakafuni na boksi lake mapajani, akalifungua ili apate la kufanya, akahesabu.

Aproni zilikuwa saba.

Alihesabu tena, polepole. Saba. Ndipo alipokumbuka maneno ambayo mama aliyasema mezani na ambayo yeye hakuyatilia maanani: msimamizi amesema aliyemleta fundi atavaa wa kwanza.

Alipanda juu ya magunia kwa mikono na magoti mpaka akafikia dirisha. Kioo kilikuwa na vumbi. Alikipangusa kwa kiganja, akaona ukumbi wote chini yake, na katikati ya ukumbi akamwona mama yake akijifunga kamba za aproni ya buluu mgongoni. Alifunga fundo mara mbili, kwa sababu kamba za shangazi zilikuwa ndefu na imara. Akajigeuza kidogo, wenzake wamtazame, wakampigia makofi.

"Mama!" Chapuchapu aliita.

Mashine ya kukandia ilikuwa ikinguruma. Sauti yake ilikigonga kioo na kumrudia mwenyewe. Aliita tena, akapiga kioo kwa ngumi, na hakuna aliyeinua kichwa. Mama alichukua ndoano ndefu ya chuma, akaenda kwenye tanuri na kufungua mlango wake. Ndani kulikuwa na makaa mekundu. Mama aliinama kuyapanga upande mmoja, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka tisa, na aproni ile nzito ikaning'inia mbele yake.

Chapuchapu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alikuwa karibu kiasi cha kuona kipini cha nywele cha mama yake, na hakuwa na njia ya kumfikia. Kioo hakikufunguka, mlango haukufunguka, na yote hayo yalikuwa yamefungwa na mkono wake mwenyewe tangu Jumanne. Alitazama huku na huku akaona beleshi dogo la chuma la kuchotea unga. Aliruka chini, akalinyakua, akapanda tena.

Wakati huo kuni moja ilipasuka tanurini. Cheche ikaruka, ikatua juu ya aproni, chini kidogo ya mfuko. Mama hakuiona. Alikuwa akitazama makaa. Chapuchapu aliona kitambaa kikijikunja na kufunguka tundu, na ukingo wa tundu lile ukaanza kutoa moshi mweusi.

Alipiga beleshi kwenye kioo kwa nguvu zake zote. Alipiga mara ya pili, kioo kikapata ufa. Mara ya tatu ikaangukia wakati mashine ilipokuwa imezimwa ili donge litolewe, na ukumbi mzima ukasikia. Watu waligeuka. Mama aliinua kichwa, akamwona mwanawe nyuma ya kioo, mweupe kwa unga, akimwonyesha tumbo lake kwa kidole.

"Vua, mama! Inayeyuka!"

Mama alitazama chini. Alirudi nyuma kutoka tanurini na kuvuta kamba, lakini lile fundo la mara mbili likakataa. Mwokaji mwenzake alifika na kisu cha kukatia donge, akakata kamba ya kiuno, akakata ya shingoni, na aproni ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Hapo chini iliwaka yenyewe kwa moshi mzito, ikidondosha matone, mpaka mtu mwingine akaimwagia ndoo ya mchanga. Gauni la pamba alilovaa mama ndani lilikuwa na alama ya kahawia tu. Lakini tone moja lilikuwa limemwangukia juu ya kifundo cha mkono.

"Usilibandue," mwokaji mwenzake alimwambia. "Weka mkono chini ya bomba, na uuache hapo. Maji ya baridi, muda mrefu."

Komeo la stoo likafunguliwa. Mtunza stoo alisimama mlangoni akimtazama Chapuchapu na boksi la aproni.

"Nani huyu kama mkate usiookwa?" aliuliza. "Na umefikaje humu, mjukuu wangu?"

Chapuchapu alimpita akaenda moja kwa moja bombani. Mama alikuwa ameketi juu ya kreti, maji yakimtiririkia mkononi, na uso wake ulikuwa umesinyaa kwa maumivu. Alimvuta Chapuchapu kwa mkono mzima.

"Umeniokoa, mwanangu," alisema. "Ulijuaje?"

Wafanyakazi wote walikuwa wamekusanyika. Mmoja alisema mtoto huyu ni wa kushukuriwa. Mwingine alisema muuzaji wa kitambaa anastahili kushtakiwa. Msimamizi alimpiga Chapuchapu bega na kusema kwamba mtoto mwenye macho kama yake hupatikana kwa nadra. Na Chapuchapu akaona mlango mmoja ukifunguka mbele yake, mpana na rahisi. Alihitaji tu kusema kwamba jana shuleni aligundua, akakimbia kuja kuwaokoa. Sehemu kubwa ya maneno hayo ingekuwa kweli.

Alitazama mkono wa mama yake. Chini ya maji, lile tone lilikuwa limegeuka kidonge cheusi kigumu, saizi ya punje ya mbaazi. Akajua kwamba akipita mlango ule hatatoka tena.

"Sikupima," alisema.

"Hukupima nini?" mama aliuliza.

"Kitambaa. Shangazi aliniambia nikipime Jumanne. Nilitaka kwenda kuruka kamba. Nikamwambia nimepima, nikamwambia kimenuka karatasi. Na hapa nilikuja kuziiba aproni ili asijue."

Mkono wa msimamizi uliondoka begani mwake. Mama hakumsukuma wala hakumkumbatia. Aliendelea kumtazama tu, na Chapuchapu alilia kwa sauti mbele ya watu wote. Ajabu ni kwamba katikati ya kilio hicho alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kufika tumboni tangu Ijumaa asubuhi.

Shangazi aliitwa, akaja na futi ya kupimia bado shingoni. Alimwangalia kwanza wifi yake, akaugeuza mkono ule polepole na kusema twende zahanati sasa hivi. Kisha alichukua kipande cha aproni kilichobaki, akakinusa, akakibonyeza kwa kucha.

"Nilikuuliza kama umepima," alimwambia Chapuchapu.

"Ndiyo, shangazi."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nimepima. Nilidanganya."

Shangazi alimgeukia msimamizi. "Kosa limetoka chumbani kwangu, na mwenye chumba ni mimi," alisema. "Ilinipasa kunusa kwa pua yangu kabla sijashika mkasi. Nipe siku nne, nitaleta nane za pamba. Hizi nazichukua." Hakumtaja mtoto hata kidogo.

Zahanati walimfunga mama bandeji na kumwambia kwamba maji yale ya bomba ndiyo yaliyozuia jeraha lisiingie ndani. Kovu lingebaki, lakini dogo. Mama alisema kovu ni kovu, na kwamba angependa zaidi kukumbushwa jambo jingine kila anapofua. Siku mbili alizungumza na Chapuchapu kwa maneno machache. Siku ya tatu alimwita amsaidie kusuka nywele, kwa sababu mkono ulikuwa bado unauma, na hapo wakaanza kuzungumza kama zamani.

Likizo ilipoanza, Chapuchapu hakuketi kwenye cherehani. Shangazi alimwekea kiti, lakini aliweka mbele yake aproni saba za buluu na kifaa kidogo cha kufumulia mishono.

"Fumua," alisema. "Mshono mmoja mmoja. Ukichana kitambaa, unaanza na kingine. Tutashonea vifuniko vya vyerehani, visivyokaa karibu na moto."

Kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja, na haikuwezekana kuifanya chapuchapu. Kila siku Chapuchapu alikitazama kile kiti cha cherehani cha miguu, na kila siku alisubiri kuambiwa kwamba asirudi tena kesho. Hakuambiwa. Siku ya kumi na moja alishindwa kuvumilia.

"Shangazi, kwa nini hukunifukuza kama yule dada?"

Shangazi aliacha kushona. "Yule dada nilimuuliza mara tatu, na mara tatu akasema amepima," alijibu. "Ukweli niliupata mwenyewe jalalani, nilipookota kipande cha kitambaa kile na kukichoma. Wewe uliusema mbele ya wafanyakazi wote wakati wanakusifu. Sikusamehe kwa kuwa wewe ni damu yangu, usijidanganye. Nimekubakiza kwa sababu umeonyesha unaweza kurudi."

Wiki iliyofuata liliingia jora jipya la kijani. Shangazi alikuwa akimpima mteja mabega. Barabarani watoto walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu, hamsini na tatu, hamsini na nne. Chapuchapu alikuwa amefagia chini ya dirisha na sasa anafunga nywele zake nyuma.

"Umepima?" shangazi aliuliza bila kugeuka.

"Bado," alisema Chapuchapu.

Mteja alisema ana haraka, hawezi kukaa hapo mpaka jua lizame. Shangazi alikunja futi yake taratibu.

"Utasubiri, dada yangu," alimwambia. Kisha akamwangalia mpwa wake aliyekuwa akijaza kikombe maji. "Sikiliza nikwambie, mwanangu, na ulishike. Vitu vinavyowaka tunavijua: karatasi, mti, kitambaa, hata unga. Hivyo tunaviweka mbali na moto, yameisha. Lakini neno 'nimepima' la mtu ambaye hakupima huwezi kuliweka mbali na chochote, maana hujui liko wapi mpaka litakapowaka. Sema 'bado' mara mia kwa siku, mimi nitangoja. 'Bado' haijamuunguza mtu."

Chapuchapu aliwasha mshumaa. Alichomoa nyuzi tatu, akazishika kwa kibano juu ya kisahani na kuzisogeza kwenye moto, bila haraka yoyote. Ziliwaka, zikaacha jivu laini. Alinusa, akanusa tena, kisha akampelekea shangazi kisahani ili naye anuse.